Picha ya Kumi na Saba

Waliniketisha mbele ya kioo,
kidevu kwenye kikombe cha plastiki,
paji la uso limebanwa na mkanda,
kama ng'ombe anayengoja chanjo.
"Fuata nukta," akasema Dakta Ochwo,
na nukta ikaruka pembe hadi pembe,
mara tisa,
mpaka mashine ikakubali kuwa imelijua jicho langu.

Nje, Tororo na vumbi lake la saruji,
malori ya Malaba yakigombana kwa honi,
na ule mwamba umekaa juu ya mji
kama mzigo ambao mwenyewe alisema atarudi kuuchukua.

Miaka ishirini na miwili nimesoma damu.
Sisemi kuitazama. Kuisoma:
tone nene, rangi ya zambarau, mafuta kwenye lenzi,
uwanja baada ya uwanja hadi mia,
nikitafuta pete nyembamba yenye kito kimoja,
pete ya posa ambayo hakuna nyumba inayoitaka.

Walimjaribu pia Owori, mwanafunzi,
wiki yake ya tatu na koti bado lina mikunjo ya dukani.
Kisha wakatuonyesha njia za macho yetu
zimechorwa juu ya damu ileile.
Ya Owori: kuku aliyemwagiwa mtama,
huku, kule, kurudi, kudonoa hata changarawe.
Yangu: miruko minne, mitano,
kituo.
Mtu anayevuka mto usiku
kwa mawe anayoyajua kwa nyayo.

Nilivimba kichwa, sitaficha.
Dakta akaeleza kwamba jicho halitembei, linaruka,
mara tatu hivi kwa sekunde,
na katikati ya mruko haliletei akili kitu.
Nikacheka: basi kila siku
nakuwa kipofu zaidi ya mara laki moja
na serikali bado inanilipa. Ikikumbuka.

Ndipo akafungua picha ya kumi na saba.
"Hapa, Mama Athieno, ulijibu: hakuna."
Akabonyeza.
Doa jekundu likachanua juu kushoto,
ubavuni mwa seli nyeupe.
"Jicho lako lilikaa hapa. Milisekunde mia nane.
Hakuna mahali pengine lilipokaa hivyo."

Na ndani ya wekundu ule,
pete.

Lilifika. Likapiga hodi.
Likasimama mlangoni na habari mkononi,
na mwenye nyumba hakuitika.

"Ni kawaida," akasema, kwa upole wa mtu aliyeyasema haya kwingi,
"hata kwa wanaosoma picha za mapafu.
Mengi yanayokosewa, jicho lilishayagusa."

Kawaida.
Mwaka ule wa mvua ndefu mwanamke alitoka Nagongera
na mtoto mgongoni, anaitwa Okello, miaka miwili,
soksi mguu mmoja.
Niliandika kwa mkono wangu, kalamu ya buluu: hakuna.
Siku ya tatu alirudi peke yake
kuuliza kama ile slaidi bado ipo.
Haikuwepo. Tulikuwa tunaziosha, tunazitumia tena.
Tangu hapo nimejitetea usiku kwa neno moja:
haikupita machoni pangu.
Sasa neno hilo nalo wamelichukua,
wameliweka kwenye kompyuta pamoja na umri wangu.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Kweli. Pazia liko nyuma yake,
na sijui nani hulivuta.

Jumatatu nikarudi kwenye kiti changu, hadubini yangu,
kioo chake cha kulia kina mkwaruzo ninaousamehe kila asubuhi.
Uwanja wa sitini na moja, mkono ulikwisha zungusha kitufe,
sitini na mbili ilishaingia, safi, tupu,
na kitu kikanivuta upindo.
Si picha. Si wazo.
Kama jina unalotaka kulitaja likabaki kwenye ulimi.

Nikarudisha.

"Umeona nini?" akauliza Owori.
"Sijui bado," nikamwambia.
"Nyamaza kidogo."